Juu ya Kumrudia Mgonjwa: Nasaha kwa Daktari Mtarajali

Kila mwaka vijana waliohitimu shahada ya udaktari katika vyuo vya Tanzania, baada ya miaka mitano ya vitabu, mitihani na kufuatana na walimu wao wodini, hupelekwa katika hospitali za taifa, za kanda na za mikoa, wakatumikie mwaka mmoja wa utarajali chini ya uangalizi wa madaktari bingwa, na baada ya hapo ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika huwaandika kuwa matabibu kamili, wenye ruhusa ya kutibu kwa dhamana yao wenyewe. Mwaka huo hupitia hasa idara kuu nne, yaani magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi pamoja na magonjwa ya wanawake. Na anayeuingia huuingia akiwa na elimu nyingi kichwani na mazoea machache mikononi, katika nyumba ambayo kila kitu ni haba ila wagonjwa. Nimeshika raundi na zamu pamoja na vijana wa namna hiyo kwa miaka mingi, nimewaona waliotoka matabibu wa kutegemewa na waliotoka wamechoka tu, nami naona ni dhima yangu kuwaandikia wale wanaojiandaa kuingia mambo ambayo hayamo katika vitabu vyao, au yamo lakini hayasomwi kwa uzito unaostahili.

Neno langu kuu ni hili: mgonjwa aliyeonwa mara moja bado hajaonwa. Katika nchi zenye mali na watumishi wengi kuna mashine inayolia pale mapigo ya moyo yanapopungua, na kuna muuguzi aliyekaa karibu kuisikia. Kwetu sisi, usiku, wodi nzima ya watoto yaweza kuwa mikononi mwa wauguzi wawili, pengine mmoja, na katika msimu wa malaria watoto hulazwa wawili wawili kitandani. Nimehudhuria vikao vingi vya vifo, vile vinavyofanywa kuchunguza ni kwa nini fulani amefariki, na mara nyingi kuliko nilivyotarajia ilidhihirika kwamba maradhi yalitambuliwa sawasawa tangu saa ya kwanza, dawa ikaandikwa kwa usahihi katika faili, na asubuhi mgonjwa akakutwa amekwisha kufariki. Baina ya kuandikwa dawa na kupambazuka hakuna aliyerudi kutazama. Dawa haikuwamo ghalani na ndugu hawakuambiwa wakainunue. Au kanula iliziba. Au homa ilishuka, kila mtu akafurahi, ilhali pumzi zilikuwa zikizidi kwenda mbio. Pengo hilo, baina ya raundi na raundi, ndiyo kazi ya mtarajali, na hakuna mtu mwingine hospitalini aliyetwishwa kazi hiyo zaidi yake.

Ukiingia hospitali, elewa kwanza kwamba umeingia nyumba iliyokuwapo kabla yako. Muhimbili, kwa mfano, asili yake ni hospitali iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1897 kwa ihsani ya tajiri Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo mwenye asili ya Kihindi, ambaye jina lake lingali likiitwa katika jengo mojawapo la wodi. Mwaka 1956 ikapewa jina la Princess Margaret, na skuli ya utabibu haikufunguliwa Dar es Salaam mpaka mwaka 1963, kwani kabla ya hapo kijana wa Tanganyika aliyetaka udaktari aghalabu alikwenda Makerere. Katika miaka hiyo yote, madaktari wakija na kuondoka, waliokuwa wakikesha na wagonjwa ni wauguzi na wakunga. Muuguzi aliyekaa leba miaka ishirini ameyaona mambo ambayo vitabu vyako vimeyataja kwa sentensi moja. Mwamkie; na kama ni mkubwa wako, usimnyime shikamoo yake kwa sababu umevaa koti jeupe. Muulize dawa za dharura zimewekwa kabati gani na ufunguo uko kwa nani, silinda ya oksijeni iliyojaa ni ipi, damu hupatikanaje usiku wa manane, na dereva wa gari la wagonjwa hupigiwa simu gani. Haya uyajue siku ya kwanza, kabla hujamgusa mgonjwa hata mmoja, maana saa ya dharura si saa ya kutafuta funguo. Na muuguzi huyo akija kukuambia, "Daktari, yule mgonjwa wa kitanda cha pembeni simwelewi," acha kila unachokifanya uende. Hana kipimo cha kukuonyesha, wala hawezi kukueleza ni kitu gani hasa, lakini jicho lililozoea kutazama limeona rangi iliyobadilika au utulivu usio wa kawaida, na mimi nimeona neno hilo moja likithibitika kuwa kweli mara nyingi kuliko majibu ya maabara.

Sasa nije kwenye kurudi kwenyewe, na nianze na watoto, kwa kuwa wao hugeuka upesi, kwa heri na kwa shari. Kwa miaka mingi tulifundishwa, nasi tukafundisha, kwamba mtoto mwenye homa kali aliyepoa mikono na miguu kwa sababu damu haimzungukii vema amiminiwe maji ya mshipa upesi upesi, kama ilivyoagizwa katika miongozo iliyotungwa Ulaya na Marekani. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti uitwao FEAST, uliofanywa katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141, nayo yakawashangaza wengi: miongoni mwa waliomiminiwa maji kwa kasi walifariki katika saa 48 za mwanzo zaidi ya 10 katika kila 100, ilhali miongoni mwa wale ambao hawakumiminiwa hivyo walifariki 7 na kidogo. Hadhari hapa: utafiti huo haukuwahusu watoto waliokauka maji kwa kuharisha, wala wenye utapiamlo mkali, na ole wake tabibu atakayeisoma habari hii nusu akamnyima maji mtoto wa kipindupindu. Lakini mtarajali na alitafakari jambo hili vizuri. Matibabu ambayo kila mwenye elimu aliyaona kuwa ni wema mtupu yalikuwa yakiwadhuru watoto wetu, na haikujulikana mpaka walipotazamwa saa baada ya saa na kuhesabiwa. Kwa hiyo ukimwanzishia mtoto maji, andika saa na kiasi, kisha urudi baada ya nusu saa uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima, uguse chini ya mbavu za kulia uone kama ini limeshuka kupita lilivyokuwa, uweke sikio kwenye mapafu, ndipo uamue kama maji yaendelee au yasimame. Dripu si kitu cha kufungwa na kuachwa.

Vivyo hivyo malaria kali. Utafiti uitwao AQUAMAT, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010, uliwahusu watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo, ukabainisha kwamba artesuneti ya sindano huokoa zaidi kuliko kwinini tuliyokuwa tumeizoea: walifariki 8.5 katika kila 100 badala ya 10.9. Faida hiyo ni ya mtoto aliyepata sindano zake zote kwa wakati. Sindano ya kwanza hudungwa anapofika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24, kisha dawa mseto ya kumeza kwa siku tatu kamili. Na aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, si 2.4 kama mkubwa wake. Mtoto aliyefika saa nane usiku, sindano yake ya pili huangukia saa nane mchana, saa ambayo raundi imekwisha, wauguzi wanapokeana zamu na daktari amekwenda kula. Weka alama katika daftari lako dogo la mfukoni, uende mwenyewe ukaulize kama amedungwa. Na mtoto yeyote aliyezimia, au anayetetemeka kwa degedege, au ambaye jana alikuwa akitambua na leo hatambui, mpime sukari papo hapo, kabla ya kufikiri kingine chochote. Kama kipimo hakipo, mtibu kama kwamba imeshuka, mililita 5 za glukosi ya asilimia 10 kwa kila kilo, kwani sukari hushuka tena na tena katika malaria kali, na mtoto aliyeamka saa mbili zilizopita aweza kuwa amelala usingizi usio usingizi.

Katika wodi hizi mama hulala na mwanawe, na huyo ndiye msaidizi wako mkubwa kupita wote. Bahati mbaya ni kwamba siku ya kwanza aghalabu hukutana na daktari kijana anayemkemea. Ziko sehemu nyingi za pwani na bara ambako watu huamini kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano hufa, basi hupelekwa kwanza kwa mganga, akafukizwa na kuchanjwa, na hospitali huletwa siku ya pili au ya tatu akiwa hoi. Ukimwona na chale mbichi kifuani, ghadhabu itakupanda, nami najua kwamba ghadhabu hiyo imetokana na huruma. Izuie. Mama huyu alifanya kile ambacho mama yake na shangazi zake wote walimwambia ni wokovu. Na leo, kwa ujasiri ambao wewe huuoni, amewakaidi akaja kwako. Ukimtahayarisha mbele ya wenziwe, usiku mtoto akibadilika hatakuja kukuamsha. Ukimheshimu, ukaketi naye, ukamwonyesha alama tatu za kutazama, kwamba mtoto akishindwa kunyonya, au akianza kuvuta pumzi kwa kuzama mbavu, au akawa haamki anapotikiswa, aje mbio saa yoyote, basi umepata jicho la kukesha kila kitanda. Kadhalika kinamama huogopa sana kutolewa mtoto maji ya uti wa mgongo, kwa kuwa wamewaona watoto wa jirani waliofanyiwa hivyo wakafa. Na ni kweli wamewaona, maana anayefanyiwa ni yule aliye mahututi tangu mwanzo. Mweleze hivyo hivyo, kwa upole, na wengi watakubali.

Katika wodi ya wazazi kurudi kuna saa zake, na saa hizo ni fupi. Partografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, aliitengeneza daktari Philpott huko Rhodesia (Zimbabwe ya leo) katika miaka ya mwanzo ya 1970, akiwa na hali kama yetu mbele yake, wakunga walioko mbali na mpasuaji, wakihitaji kujua mapema ni mama yupi wa kusafirishwa. Inasikitisha kwamba watu wengi huijaza baada ya mtoto kuzaliwa, kwa ajili ya mkaguzi. Karatasi iliyojazwa namna hiyo haikumsaidia mtu. Ijaze kadiri uchungu unavyokwenda. Mtoto akizaliwa asipovuta pumzi, una dakika moja tu: mkaushe, mpanguse mgongo, na kama bado hajavuta, mpe pumzi kwa mfuko na barakoa kabla dakika hiyo haijaisha. Mafunzo mepesi ya jambo hili, yaliyotolewa kwa wakunga katika hospitali 8 za Tanzania, yalipunguza vifo vya vichanga katika saa 24 za mwanzo kwa asilimia 47, kama ilivyochapishwa mwaka 2013, bila mashine yoyote ya gharama. Hakikisha kila zamu kwamba mfuko ule upo mezani, ni safi, na barakoa ya kichanga haikuchukuliwa.

Kisha mama mwenyewe. Macho hukadiria damu iliyomwagika kwa upungufu, tena sana, hasa ikiwa imenywewa na mashuka na vitenge. Mwaka 2023 utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba damu ikikingwa katika karatasi ya plastiki yenye alama za kipimo, na ikaonekana imezidi, kisha mambo yote ya matibabu yakafanywa kwa pamoja mara moja, kusugua mji wa mimba, oksitosini, asidi ya traneksamiki, maji ya mshipa, na kuchunguza pale inapotoka damu, basi madhara makubwa ya kutokwa damu hupungua kwa asilimia 60. Asidi hiyo, gramu 1 ya mshipa, itolewe ndani ya saa 3 za kujifungua. Kama karatasi hiyo haipo kwenu, weka beseni, pima, andika. Na usimwache mama aliyejifungua kwa kuwa tu mtoto amelia na ndugu wamepiga vigelegele. Rudi kila robo saa katika saa mbili za mwanzo, weka mkono tumboni uone kama mji wa mimba umekaza, funua shuka utazame. Kumfunua kwa staha si kumvunjia sitara yake.

Mwenye kifafa cha mimba naye humrudii kwa hiari, bali kwa faradhi. Magnesiamu salfeti ndiyo dawa yake, na dawa hiyo ikizidi husimamisha pumzi. Kabla ya kila sindano, ambayo hutolewa kila baada ya saa nne, gonga goti uone kama mguu unaruka, hesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, tazama mkojo usipungue mililita 30 kwa saa; na kalsiamu glukoneti, gramu 1, iwe imewekwa pembeni ya kitanda, si katika duka la dawa la hospitali lililofungwa jioni.

Kuhusu damu ya kuongezwa nitasema machache. Linganisha mwenyewe jina, namba ya faili na kundi la damu, ukimwuliza mgonjwa ataje jina lake, wala usimtajie wewe akuitikie. Kisha kaa kando ya kitanda dakika 15 za mwanzo. Usitume mtu.

Pengine sasa utaniuliza, mtu mmoja atawarudiaje wagonjwa 40? Hawezi, wala hatakiwi. Mwisho wa raundi chagua watano au sita ambao moyo wako haukutulia juu yao, waandike, uwagawie saa, na hao uwarudie bila ajizi. Waliobaki watatazamwa na wauguzi na jamaa zao, mradi umewaambia nini cha kutazama. Na zamu inapokwisha, mkabidhi mwenzio wagonjwa hao sita kitandani kwao, uso kwa uso. Makabidhiano ya ukumbini, mmoja akivua koti na mwingine akitafuta chai, yameua watu.

Katika hao sita atakuwapo aliyepita uwezo wako, naye huyo ndiye mtihani hasa wa mwaka huu. Vijana wengi hawamwiti bingwa usiku kwa kuogopa kuonekana wajinga, au kwa kuwa aliyeitwa mara ya mwisho alijibu kwa ukali. Nawaambia bila kusita kwamba ukali wa mtu aliyeamshwa hauna uzito wowote mbele ya uhai wa mtu, na bingwa mwenye insafu hata akinung'unika usiku hatakulaumu asubuhi kwa kumwita. Atakulaumu kwa kutomwita. Mpigie kwa utaratibu: jina lako na wodi uliyopo, umri wa mgonjwa na maradhi yake, mapigo, shinikizo la damu na pumzi, uliyoyafanya na jinsi yalivyomsaidia au yasivyomsaidia. Halafu sema bayana, "Naomba uje." Ukimaliza kwa kusema tu kwamba ulitaka kumwarifu, atafikiri amearifiwa, na atalala. Andika katika faili saa uliyompigia. Asipokuja, mtafute mwingine. Na kama hospitali yako haina la kufanya, andaa rufaa mapema, mgonjwa angali na nguvu ya kusafiri, umpeleke na dripu inayopita na muuguzi wa kumsindikiza.

Umaskini utakukuta kila siku, na usiukabili kwa kufumba macho. Dawa uliyoiandika pasipo kujua bei yake wala kama ipo, hiyo bado ni wino tu. Uliza, chagua iliyopo katika mwongozo wa taifa wa matibabu na inayopatikana, na asiyeweza kulipa mpeleke wewe mwenyewe, kwa barua ya mkono wako, kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kwani nchi ina sera ya msamaha kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza, na wengi wa wanaostahili hawajui mlango wa kuanzia. Wewe mwenyewe posho yako haitatosha, na mara nyingine itachelewa. Lakini usipokee kitu kutoka mkononi mwa jamaa ya mgonjwa, hata kikiitwa shukrani, maadamu mgonjwa angali wodini. Mara tu unapopokea kutoka kwa mmoja, yule wa kitanda cha pili huanza kufikiri kwamba amesahauliwa kwa sababu hakutoa, naye huenda asiwe amekosea. Uaminifu wa watu ni amana, na ukiupoteza huna tena cha kutibia.

Habari ya msiba itolewe na daktari mwenyewe, si mlinzi wa mlangoni. Uliza ni nani mkubwa wa familia, waketishe faragha, nawe uketi, useme kwa maneno ya wazi kwamba amefariki, kisha unyamaze uwaache walie. Usikimbilie kueleza sababu. Watauliza wakiwa tayari. Kama marehemu ni Mwislamu, jua kwamba jamaa watataka kumzika siku hiyo hiyo, hivyo hati zake zimalizike upesi, kabla hata hujarudi kwa wagonjwa wengine wasio wa dharura. Kumcheleweshea mtu mazishi kwa sababu daktari hakutia sahihi ni uchungu juu ya uchungu. Halafu nenda kando dakika chache. Mtarajali ambaye kifo hakimgusi tena nina khofu naye, na yule anayebeba kila kifo peke yake pasipo kumweleza mwenzake nina khofu naye zaidi. Zungumzeni baina yenu, na mkiona mmoja ameacha kulala, kula au kuzungumza, mpelekeni kwa mkubwa anayeaminika kabla mambo hayajaharibika.

Mwili wako nao una haki juu yako. Kabla ya kuanza utarajali maliza chanjo ya homa ya ini aina ya B, dozi tatu, ya mwanzo, ya baada ya mwezi mmoja na ya baada ya miezi sita, ambayo maana yake ni kuianza ungali chuoni. Sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni, toa taarifa saa ile ile, usione haya: uwezekano wa kuambukizwa virusi vya ukimwi kwa chomo moja la sindano ni kama 3 katika 1,000, na dawa za kinga, zikianzwa katika saa za mwanzo na kwa vyovyote kabla ya saa 72 kupita, zikamezwa siku 28, huupunguza sana. Katika wodi ya kifua vaa barakoa inayofaa na ufungue madirisha. Waliojenga hospitali zetu za zamani kwa dari za juu na madirisha mapana walijua walilolifanya, na inauma kuona madirisha hayo yamezibwa kwa makabati.

Wala usikae ukidhani kwamba elimu iko kwingine, na kwamba hapa umewekwa tu kungoja nafasi ya kwenda kuitafuta. Mwaka 1957, huko Mulago, Kampala, mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya, na badala ya kuandika faili na kupita, akaanza kuwatafuta wengine; mwaka 1958 akachapisha maelezo yake, na mwaka 1961 akafunga safari ya gari na wenziwe wawili, maili zipatazo 10,000, wakiuliza hospitali hadi hospitali mpaka kusini ya mbali, wapi uvimbe ule upo na wapi haupo. Saratani hiyo leo inaitwa kwa jina lake, na watoto wengi hupona kwa dawa. Weka daftari la mambo usiyoyaelewa, pasipo majina ya wagonjwa, na kila juma umuulize mtu mmoja ajuaye.

Mwisho wa mwaka, kabla hujapeleka daftari lako la utarajali kutiwa sahihi, jikague kwa mikono, si kwa alama. Wengi wenu mtapelekwa hospitali za wilaya ambako usiku hakuna bingwa wa kupigiwa simu isipokuwa yuko mwendo wa saa nyingi. Je, waweza kumpasua mama na kumtoa mtoto, ukasimamisha damu na kufunga? Waweza kutoa kondo la nyuma lililokwama kwa mkono, kuweka bomba la kifua, kutoa maji ya uti wa mgongo, kumpa pumzi mtu aliyezimika mpaka msaada ufike, kuweka mfupa uliovunjika katika hali itakayovumilia safari? Lile ambalo jibu lake ni hapana, nenda kwa bingwa wa idara hiyo katika majuma yaliyosalia, umwambie kwa jina lake jambo usiloliweza, umwombe zamu za ziada chumba cha upasuaji au leba. Sijaona hata mmoja aliyekataliwa.